Kimya Baada ya Nyimbo Nne

Vijana wa mitambo, mmeniomba kwenye grupu yenu niwaandikie yale niliyojifunza kazini. Nimestaafu, muda ninao, na mke wangu amekataa kusikia hizi hadithi tena, kwa hivyo mmebaki nyinyi. Someni polepole. Najua mmezoea sauti ya sekunde thelathini.

Nianze kwa kukiri. Nimefanya kazi ya disko maisha yangu yote ya utu uzima na sijawahi kucheza wimbo mmoja ukaisha. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kiti changu, chai yangu, mlango umefungwa. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaficha chini ya godoro, nilitafuta kazi ya kukaa. Mtu akaniambia kule Kabati kuna fundi wa redio anayeitwa Nzioka anayetaka mtu wa kulinda jenereta. Kulinda kitu kilichokaa, nami nimekaa: niliona hiyo ni kazi niliyopewa na Mungu mwenyewe.

Siku ya kwanza Nzioka alinipa koleo.

"Ya nini, fundi?"

"Ya umeme," akasema. "Chimba."

Tulikuwa ndani ya mto. Sitautaja, kwa sababu wengi waliokuwa wakicheza pale leo ni walimu wakuu na wazee wa kanisa, na mmoja huwa ananipita sokoni akiangalia juu kana kwamba anatafuta mvua. Semeni tu ni ule mto wa mchanga, mmoja wa ile mito yetu ambayo mwaka mzima ni barabara pana nyeupe isiyo na tone la maji juu, na siku chache za mwaka inakumbuka ni mto. Kingo zake ni ndefu kumshinda mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake. Ukiwa chini humo, mtu anayepita shambani hakuoni, na kwa maarifa ya Nzioka, hakusikii pia.

Maarifa yenyewe ni haya. Jenereta inaingia kwenye shimo lililochimbwa ubavuni mwa ukingo, juu kidogo ya mchanga, na mdomo wa shimo unafunikwa magunia yaliyolowa. Spika hazielekezwi kwa watu, zinaelekezwa kwenye kona ya mto, ukingo uumeze mlio. Besi inapita chini, mchangani. Watu walicheza bila viatu, na besi waliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Nyinyi leo mnaweka spika urefu wa nyumba na mtu anacheza na viatu vya soli nene kama tofali. Sitasema kitu.

Na lilikuwa disko la mchana. Hilo huwa mnacheka nikiwaambia. Jumapili, kuanzia saa nane kivuli cha ukingo kinapoanza kupoza mchanga, mpaka saa kumi na moja na nusu, ng'ombe wanaporudi. Usiku kila mzazi alikuwa anahesabu vichwa. Jumapili mchana msichana alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na mvulana alikuwa ameenda kutazama mpira. Timu ya mpira ya kijiji chetu ilikuwa na watazamaji wengi sana kwa mdomo, na uwanjani mbuzi wawili.

Wasichana walikuja na nguo za kanisa, wakabadilisha vichakani, wakafunga za kanisa kwenye leso na kuning'iniza mafurushi kwenye mgunga uliokuwa juu ya ukingo, karibu na shimo langu. Kwa hivyo nililinda jenereta na nguo. Blauzi nyeupe, sketi ya bluu, raba nyeupe: kwaya nzima ilivaa sare moja, na kila mmoja alijua furushi lake kwa leso.

Sheria ilikuwa moja tu na Nzioka aliisema kila Jumapili: mtoni hakuna jina la nyumbani. Ukishuka ukingo unaacha jina lako juu, unachukua jingine. Kulikuwa na Sukari Nusu, kulikuwa na Ndege ya Pili, kulikuwa na kijana mrefu aliyeitwa Mlingoti. Mimi waliniita Blanketi, na sikukataa. Huulizwi unatoka boma gani, huulizwi baba yako ni nani. "Chifu akikushika," Nzioka alituambia, "huwezi kumtaja mtu usiyemjua." Nilicheza karata miaka minne na Mlingoti bila kujua kwamba shamba lao linapakana na la mjomba wangu. Leo mtu hajamaliza kuvua koti na uso wake uko kwenye simu mia mbili, pamoja na jina la baba yake.

Sasa, kimya.

Baada ya kila nyimbo nne, Nzioka alizima. Si kupunguza, kuzima kabisa. Alikuwa anainua mkono, analala kifudifudi, sikio mchangani, anapumua pumzi kumi. Disko lote lilisimama kama limepigwa picha. Wageni walidhani ni mbwembwe. Wenyeji tulijua: mto huu haufuati mvua ya kwetu. Unaweza kuwa umesimama chini ya jua kali, na kule milimani mvua imenyesha saa tatu zilizopita, na maji yako njiani yanakuja kwako bila kubisha hodi. Yanasikika kabla ya kuonekana. Lakini si kama umewasha besi.

Pumzi kumi hizo ndizo zilizoozesha watu, nawaambia. Mvulana aliyekuwa amekosa la kusema wimbo mzima, kwenye kimya alilazimika kusema kitu. Najua ndoa mbili zilizoanzia hapo.

Nzioka masikio yake yalianza kufa. Miaka ya spika, hakuna ajabu. Siku aliyolala mchangani akaamka akaniuliza, "Umesikia kitu?" nikajua amemaliza. Alirudi kwa redio zake dukani, akaniachia jenereta. Hakufanya sherehe. Alisema, "Disko ni ya dijei, Blanketi. Stima ni yako."

Dijei mpya alitoka Sultan Hamud. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hivyo tulimwita Saruji, na kwa kweli alikuwa mgumu hivyo. Alikuja na mashine mbili za CD. Wakati wa Nzioka wimbo uliisha, kaseti ikatolewa, nyingine ikaingia, watu wakapumua. Saruji alikuwa anaingiza wimbo ndani ya wimbo, saa nzima bila mshono. Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Hata goti langu moja lilitikisika, nikalishika.

Lakini nyimbo nne zinaisha lini kama hakuna wimbo unaoisha?

"Saruji," nikamwambia, "hapa tunazimanga."

"Kuzima nini?"

"Stima. Tusikilize mto."

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Mchanga mkavu mpaka macho yanapoishia. "Mto gani, bro?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, na hilo ndilo kosa nililofanya. Tulikubaliana kuzima mara moja kwa saa. Halafu ikawa mara moja kwa Jumapili. Halafu, Jumapili moja ya Novemba, nilisikia mngurumo nikavuta waya bila kumwuliza mtu. Watu zaidi ya mia wakapanda ukingo wakikanyagana, viatu vikapotea, msichana mmoja akachubuka goti, na kule kwenye kona ya mto likatokea lori la mchanga, dereva akitupungia mkono.

Nilirushiwa mchanga. Mlingoti aliimba wimbo alioutunga papo hapo kuhusu Blanketi na mto wenye magurudumu. Saruji hakucheka.

"Ukinikatia miksi tena," akasema, "nakuja na jenereta yangu. Na mtu yangu."

Hiyo Jumapili nilimwambia mke wangu, ambaye alikuwa mchumba tu wakati huo. Akasema, "Wewe si ulitaka kazi ya kukaa? Kaa."

Jumapili iliyofuata nilikaa. Jua lilikuwa kali. Kule juu, upande mto unakotoka, milima ilikuwa na wingu jeusi limekaa kama kuku juu ya mayai. Ilikuwa kama saa kumi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, kwa sababu sifa za Saruji zilikuwa zimefika Makindu, na wengine walikuwa wamepanda magari mawili kuja.

Cha kwanza kilikuwa ng'ombe. Mbali, juu ya kona, mchungaji alikuwa amewashusha kunywa maji kwenye visima vya mchangani. Nikaona anawapandisha. Si kwa kuimba, kwa fimbo. Nikajiambia labda mmoja ameingia shamba la mtu.

Cha pili kilikuwa harufu. Vumbi lililolowa, na majani yaliyooza. Nikajiambia ni magunia yangu.

Niliweka kiganja mchangani. Mchanga ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa unatetemeka tangu saa nane, kwa sababu hiyo ndiyo besi tuliyojisifu nayo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumejifunga masikio wenyewe na kamba tumeilipia. Mkono ulikuwa juu ya swichi. Nikifikiria lori. Nikifikiria wimbo wa Mlingoti. Vijana, niliacha wimbo mzima upite hivyo, mkono juu ya swichi, na sijawahi kuusikia wimbo huo tena bila kutoka nje.

Halafu nikazima.

"Aiee!" watu zaidi ya mia kwa pamoja. "Blanketi! Washa hiyo kitu!"

"Ni lori ingine?" Mlingoti akapaza sauti. "Ina abiria?"

Saruji alikuwa tayari anakuja kwangu, amekunja ngumi. Nilinyanyua mkono, si kujikinga, ni vile nilivyomwona Nzioka akifanya. Sijui kwa nini alisimama. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, kwa hasira, kisha wakanyamaza kabisa.

Ilisikika kama mtu anaburuta mabati mbali. Kisha kama watu wengi wanaburuta mabati.

Hakuna aliyesema "mto". Walikimbia tu. Waliokuwa upande wa spika walipanda ukingo wa pili, sisi tukapanda wa kwetu. Maji yalikuja kwanza kama ulimi, membamba, ya kahawia, yamebeba povu na vijiti, yakipapasa mchanga kama kipofu. Nyuma yake yakaja yenyewe, kimo cha kiuno, yakisukuma gogo mbele. Saruji alijifunga waya wa maikrofoni kiunoni, akampa Mlingoti ncha nyingine, akashuka mara tatu kutoa watu walioteleza. Mara ya tatu alirudi bila kiatu na bila mashine zake za CD, na hakuziangalia zikienda. Tangu siku hiyo sijamsema vibaya, isipokuwa hapo juu.

Jenereta ilizama ikiwa shimoni. Spika zilipinduka moja moja, zikaondoka kifudifudi.

Tulipopata pumzi tulikuwa makundi mawili, na katikati mto upana wa uwanja, unanguruma kiasi kwamba ukipiga kelele haifiki ng'ambo. Simu ya mkono wakati huo ilikuwa kitu cha watu wa Nairobi. Ng'ambo niliona watu kama thelathini, wote wa rangi moja, rangi ya tope.

Ndipo mtu akauliza, "Tuko wote?"

Fikirini swali hilo kwa watu wasiojuana majina. "Sukari Nusu yuko?" "Yupi, yule mfupi?" "Yule wa shati nyekundu yuko wapi?" Kila mtu alikuwa wa tope, hakuna shati nyekundu. Wasichana walikwenda kwenye mgunga, kila mmoja akachukua furushi lake. Mgunga ulibaki mtupu, isipokuwa furushi moja.

Nilisubiri. Hakuna aliyekuja. Nikaliteremsha, nikalifungua peke yangu nyuma ya mti: blauzi nyeupe, sketi ya bluu, raba, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Nikalifunga tena haraka, kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kufika.

Mto ukija na maji kwetu, kila mtu huja kuutazama. Walikuja na watoto mgongoni, walikuja na ndoo, wakatukuta. Hakuna aliyeuliza tulikuwa tunafanya nini. Tulikuwa na miguu mitupu, tope mpaka kifuani, na dijei. Akaja sabchifu wetu, msaidizi wa chifu, mtu mnene mwenye fimbo, pamoja na wazee wawili. Akaja susu Kavata, nyanya wa kila mtu na mama wa kwaya, aliyewafundisha wasichana hao kuimba na kuwalea baadhi yao nyumbani kwake, wajukuu na wasio wajukuu.

Sabchifu alitazama furushi mkononi mwangu. "La nani hilo?"

"Hatujui, mzee."

"Hamjui vipi na mlikuwa pamoja?"

Nikamweleza habari ya majina. Nilipokuwa ninamweleza nilisikia jinsi inavyosikika. Hakunitukana, ingekuwa afadhali. Alisema, "Basi yuko ng'ambo ama yuko majini," akawageukia vijana wawili wakubwa waliokuwa wamekuja na kamba za ng'ombe. "Mtashuka kule chini kwenye mawe. Mtaingia mtafute."

Nilijua yale mawe. Mtu akiingia pale mto ukiwa hivyo, wanaotafutwa wanaongezeka. Vijana wenyewe walijua. Mmoja alifunga kamba kiunoni, akaifungua, akaanza upya.

Kitu kimoja tu cha mitambo kilikuwa kimebaki: honi ya matangazo, ile kama ya magari ya siasa, na ampu yake ndogo, maikrofoni yake na betri ya gari. Nilikuwa nimeviacha juu ya ukingo kwa uvivu, kwa sababu nilichoka kuviteremsha. Andikeni hilo kwenye daftari zenu: uvivu wangu uliwahi kufaa mara moja.

Nikaunganisha. Nikaielekeza ng'ambo. "Mwenye sketi ya bluu na blauzi nyeupe, ambaye furushi lake liko huku. Inua mkono."

Watu thelathini wa tope wakasimama. Hakuna mkono.

Nikarudia. Hakuna.

Saruji akaninong'oneza, "Wamemwona sabchifu. Na yule nyanya. Nani atainua mkono hapo, bana?"

Nilikwenda kwa sabchifu. "Mzee, naomba mgeuke."

"Nigeuke wapi?"

"Mpe mto mgongo. Wewe na wazazi wote. Atainua mkono kama hakuna anayemjua anayemwona."

"Na wewe?"

"Mimi simjui, mzee. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alinyanyua fimbo, nikajua nitalala ndani. Kisha akawaangalia wale vijana wawili wenye kamba. Akageuka. Mtu mnene kama yule akigeuka ni kazi. "Nyote," akasema. "Geukeni." Wakageuka: baba, mama, wazee, susu Kavata akiegemea fimbo yake, safu nzima ya migongo.

"Wamegeuka," nikaambia honi. "Ni mimi tu ninayetazama. Inua mkono."

Mkono ukapanda upesi, pembeni kabisa. Lakini ulipanda upesi mno. Nilikuwa nimewajua hawa watu kwa miaka. Yeyote kati yao angedanganya kumwokoa mwenzake aibu, na hata kutuliza roho zetu tu. Nikasema, "Ndani ya furushi umefunga kitu. Kama ni kitabu, acha mkono mmoja. Kama ni chakula, inua yote miwili."

Mkono ule ulibaki mmoja. Ukayumba kidogo, kama unaobahatisha. Kisha ukashuka.

Nyuma yangu nilisikia kamba ikikazwa.

"Kitabu ama chakula," nikasema tena kwenye honi. "Tafadhali. Kuna vijana wanataka kuingia majini kukutafuta."

Ng'ambo watu walisogea. Katikati yao, kwa nyuma, pakafunguka nafasi. Mikono miwili ikapanda, polepole, mpaka juu kabisa.

"Nimekuona," nikasema. "Shusha mikono."

Nikawaambia wale vijana wafungue kamba. Mmoja alikaa chini palepale.

"Tayari?" sabchifu akauliza, bado amenipa mgongo.

"Tayari, mzee. Ni mzima. Ni chakula alikuwa amefunga, na amejibu ni chakula."

Wazazi waligeuka taratibu, wakitafuta ng'ambo kwa macho, lakini kule wote walikuwa tope na mikono yote ilikuwa chini. Susu Kavata hakugeuka. Alikuwa bado anatazama mashamba.

"Alale huko ng'ambo leo," akasema. "Asijaribu kuvuka. Na hilo furushi nipe mimi, nitalipeleka kanisani, mwenyewe atalichukua."

"Sawa, susu."

Akalipokea bila kulifungua, akaliweka kwapani, akaanza kupanda njia. Baada ya hatua chache akasimama.

"Muhogo wenyewe utakuwa umekauka," akasema. "Nitachemsha mwingine."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ni muhogo.